Ukimjua Mwenye Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu kasema jana kwenye simu kwamba kila akiniuliza habari za nyumbani namjibu "salama", na eti siku hizi hajui tena ni salama ya kweli au ya kumpoza. Nikamwambia basi nitaandika daftari, barabara mnayoijenga huko ikiisha uje usome mwenyewe. Wanasema itaisha mvua zikikatika. Na mvua yenyewe imeanza leo saa nne asubuhi.

Habari ya kwanza: baba yake anaingia hospitali kesho. Naishi na mzee huyu nyumba moja mwaka wa tatu sasa, tangu mama mkwe atutoke. Ni fundi wa mabango mstaafu, nusu ya maduka ya mjini yameandikwa kwa mkono wake. Ugonjwa tunauita mgongo. Yeye ndiye aliyeuita hivyo, wiki ile ya Februari nilipokuta maji mekundu chooni, nikayavuta, nikanyamaza. Jioni akasema, "Mgongo unanisumbua, mwanangu." Mimi ni mtu wa maabara, nakata na kupaka rangi nyama za wagonjwa kwa miaka kumi na moja sasa, najua damu kwenye mkojo isiyo na maumivu, kwa mzee aliyevuta sigara miaka thelathini, inaweza kuwa nini. Lakini mkwe atamwambia nini baba mkwe kuhusu kibofu? Nikamnunulia dawa ya kuchua mgongo. Akashukuru, akaiweka dirishani, na haijafunguliwa mpaka leo.

Jumanne, 5 Machi

Ametoka chumba cha upasuaji. Hawakumpasua, wamepitia njia ya mkojo wakaukwangua uvimbe. Anaongea, anadai chai.

Alhamisi, 7 Machi

Vipande vyake vimefika mezani kwangu. Jina kamili, umri, na chini yake: kibofu. Nikasoma mara tatu kama vile jina lingebadilika.

Ningeweza kumpa Nukta. Nukta ni mwenzangu wa meza ya pili, mzee wa miaka hamsini na nane. Tunamwita hivyo kwa sababu kila seli anayoihesabu lazima aitilie nukta ya wino kwenye karatasi. Kile kihesabu cha kubofya kwa kidole hakiamini. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nikakata mwenyewe.

Nyama ikishagandishwa ndani ya nta inakuwa kitofali kidogo cheupe. Unakibana kwenye mashine, unazungusha mpini, na nta inatoka utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Unauelekeza kwenye maji ya uvuguvugu, unajitandaza wenyewe, kisha unauzoa kwa kipande cha kioo. Kazi hii ikikukolea unasahau kama una miguu. Leo mvua inapiga bati, nta inanukia, utepe unatoka tu, unatoka tu, nami nikawa kama naota macho wazi. Nyama ya baba mkwe wangu ilikuwa inaelea mbele yangu, nyeupe ya maziwa, haina aibu yoyote. Nikajikuta naiamkia kimoyomoyo: shikamoo.

Katikati ya kazi nikagundua kisu kina pengo. Dogo, lakini kila utepe umetoka na michirizi miwili inayokwenda sambamba. Nilipaswa kubadilisha kisu. Visu vipya viko kabatini kwa Daktari, mkuu wetu wa maabara, naye alikuwa na wageni. Si mtu mbaya, ila anaongea kana kwamba maneno yamewekewa mgao. Sikutaka kuinuka. Nikamalizia na kile kile.

Jumanne, 12 Machi

Jibu limetoka. Ni saratani ya kibofu, ya juujuu, haijaingia kwenye msuli, ila seli zake ni za aina kali. Daktari wa kliniki alimweleza Baba asubuhi. Mimi nilimsubiri sebuleni. Akaingia, akakung'uta mwavuli, akasema, "Mgongo unataka dawa ya wiki sita."

"Afadhali dawa ipo, Baba."

Tukaangalia taarifa ya hali ya hewa mpaka ikaisha. Kisha akaniomba mwanawe asiambiwe. "Yuko mbali. Atafanya nini zaidi ya kuharibu kazi?" Kwa hiyo wewe mume wangu, ukifika hapa usinikasirikie peke yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Daktari ameanza utafiti, na mimi na Nukta ndio wahesabuji. Saratani ya kibofu ina tabia moja mbaya: unaikata, inarudi. Si kwa kila mtu, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika itarudi kwa nani. Sasa, ndani ya uvimbe zimo pia seli za kinga, askari wa mwili walioingia kupambana. Daktari anauliza kama askari hao, wingi wao na mahali walipokuwa wamekaa siku uvimbe ulipokatwa, wanaweza kutudokeza. Tunapaka dawa inayowageuza kahawia, tunahesabu, halafu tunangoja wagonjwa warudi kuchunguzwa baada ya miezi mitatu. Wagonjwa sitini, wote wametia saini ya kukubali. Nimeona karatasi mezani kwa karani. Saini ya fundi wa mabango haijifichi. Baba yumo.

Vioo havina majina, vina namba tu. Mimi nahesabu peke yangu, Nukta peke yake, tukipishana sana tunarudia. Ukutani Daktari amebandika karatasi: UKIMJUA MWENYE KIOO, KIACHE. Kasema macho ya mtu yana upendeleo, hata yako, hata yangu. Nukta akauliza, "Na nikimjua ila simpendi?" Daktari hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Vioo vinne.

Jumanne, 26 Machi

Dawa ya kwanza ya mgongo.

Dawa yenyewe ni chanjo ya kifua kikuu, ndiyo, ile ile ya watoto wachanga. Vijidudu vilivyodhoofishwa vinaingizwa kwenye kibofu kwa mpira, vinaichokoza kinga ya mwili, inaamka kwa hasira na kuishukia saratani pia. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa. Mgonjwa anatakiwa kuzuia mkojo saa mbili na kujigeuza kila robo saa ili dawa ifike kila pembe. Kliniki haina vitanda vya kulaza watu muda wote huo, na sisi nyumbani ni dakika kumi kwa miguu, kwa hiyo wamemwambia akajigeuzie nyumbani. Nesi kamwandikia: chali, kulia, kifudifudi, kushoto.

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ya mchana, eti nina shughuli. Baada ya dakika kumi nikamsikia: "Mwanangu, saa yangu imesimama."

Haijasimama. Nimeiona jioni mkononi mwake, inakwenda vizuri kabisa. Nadhani aliogopa tu, peke yake mle ndani. Nikavuta stuli nikakaa nje ya mlango na simu yangu.

"Baba, kulia!"

"Niko kulia!"

"Baba, kifudifudi!"

"Ala! Mara hii?"

Saa mbili nzima, mimi natoa amri kama mkuu wa gwaride, yeye anaitikia kutoka upande wa pili wa mbao, na mvua inafunika maneno ambayo hatukutaka kuyasikia vizuri. Sijawahi kuwa karibu na mzee huyu namna hii, na nilikuwa simwoni. Baadaye akaenda chooni, akamwaga klorini kama alivyoagizwa ili vijidudu visibaki. Nyumba nzima ikanuka. Nikamwambia, "Baba, mgongo huu una harufu kali." Akacheka mpaka akashika ukuta. Ni mara ya kwanza tangu Februari.

Jumanne, 2 Aprili

Kulia, kifudifudi, kushoto, chali. Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Leo homa. Alianza kutetemeka robo ya saba. Nasikia kitanda chake kinagonga ukuta, namuuliza, ananijibu "si kitu". Nikapiga simu kliniki, nesi akasema homa ndogo ni kawaida, kinga inaamka, ila ikizidi nimlete. Nikarudi mlangoni, roho iko juu, na neno likanitoka lenyewe: "Baba, kibofu kinawaka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka mitatu ya adabu nimeimwaga mlangoni.

Halafu sauti yake, ndogo: "Kinawaka moto, mwanangu."

"Vumilia. Imebaki robo moja. Geuka kushoto."

"Nageuka."

Jioni homa ilishuka. Alipokuja mezani alisema mgongo una nafuu, nami nikasema alhamdulillahi, mgongo una nafuu. Tumerudi kulekule. Lakini hakuangalia pembeni alipolisema.

Jumapili, 14 Aprili

Nimeota niko ndani ya kioo. Kila kitu rangi ya waridi, ardhi laini, na watu wa kahawia wamesimama mbalimbali, kila mmoja na mwavuli. Nawauliza mnangoja nini, wananitazama tu kwa adabu. Nikaamka nimechoka kama nilitembea kweli.

Jumatano, 17 Aprili

Kioo namba thelathini na moja.

Ukikaa kwenye hadubini muda mrefu chumba kinapotea. Hakuna meza, hakuna Nukta, hakuna mvua. Kuna ule mwanga wa duara na wewe ndani yake. Uvimbe unaonekana visiwa visiwa vya zambarau, na katikati ya visiwa njia nyembamba za waridi. Askari wa kahawia wako njiani, wengine wamebanana ukingoni, mmoja mmoja ameingia kisiwani. Nilikuwa nimekwisha kutazama viwanja viwili, ndivyo tunavyoita miraba ya kuhesabia, natembea tu humo taratibu, nimetulia kama mtu aliyelala chali kwenye nyasi. Nikasogeza kioo kidogo. Michirizi miwili, sambamba.

Ni kile kisu chenye pengo. Niliinua kichwa. Karatasi ya Daktari iko ukutani pale pale, mbele ya pua yangu. Nukta alikuwa dirishani anatafuna karanga na kuilaumu mvua. Ilikuwa niseme maneno mawili tu, "mwenyewe namjua", nikisukume upande wake.

Nikainamisha kichwa nikaanza upya, kiwanja cha kwanza.

Tuna kanuni. Kwenye jicho la hadubini kuna mraba uliochorwa. Seli iliyokalia mstari wa kushoto au wa juu unaihesabu. Iliyokalia mstari wa kulia au wa chini unaiacha, maana itahesabiwa kwenye mraba wa pili. Mimi leo nilihesabu za mistari yote minne. Kilichokuwa kivuli nikakiita kahawia. Kilichokatika nusu nikakipa nusu ya pili. Kidole kinabofya, kinabofya, na kila mbofyo nahisi mzee wangu anaongezewa siku. Nisiseme sikujua. Nilijua, kwa namna mtu anavyojua kwamba anaota na bado hataki kuamka.

Mia mbili thelathini na moja. Nikaandika, nikarudisha kioo kwa furaha.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeamka mwepesi. Nimeimba nikifua. Baba akauliza kuna nini, nikasema jua limetoka. Halikutoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Nukta ameleta karatasi yake. Namba thelathini na moja: mia moja arobaini na nane. Yangu mia mbili thelathini na moja. "Mmoja wetu ana wazimu," akasema, "na mimi nimekunywa dawa zangu." Tukarudia, kila mtu kivyake. Yeye mia moja hamsini na mbili. Mimi mia mbili kumi na tisa, na nilijitahidi kweli kuwa mkweli, naapa, lakini mkono hausikii.

Aliniangalia kwa jicho la pembeni. "Vioo vingine tunapishana watano, sita. Hiki kina nini na wewe?"

Nikasema macho yamechoka. Akasema pole, akaniachia karanga.

Jumanne, 30 Aprili

Dawa ya sita, ya mwisho. Alijigeuza kabla sijaita. "Nimeshaijua ngoma hii," akasema. Nikabaki kwenye stuli hivyo hivyo, mlango katikati. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda kwa Daktari. Wiki mbili nimekuwa nikimkwepa kwenye korido kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani, leo nikajipiga moyo konde. Nikamwambia yote: kisu, michirizi, mistari minne.

"Nani yako?"

"Baba mkwe."

"Ulitaka wawe wengi."

"Ndiyo."

"Nani kakwambia wengi ni heri?"

Miaka yote hii, na sikuwahi kujiuliza. Daktari akavua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongea bila mgao. Wapo wanaoingia na kuua seli mbaya, kasema. Wapo wanaosimama ukingoni hawaingii kamwe. Wapo ambao kazi yao ni kuwanyamazisha wenzao, na uvimbe unawapenda hao. Kwa nje wanafanana, ndiyo maana tunapaka rangi zaidi ya moja. Wachunguzi waliotutangulia wamepata majibu yasiyopatana: huku wingi ni nafuu, kule wingi si nafuu. "Ndiyo maana tunahesabu. Tungekuwa tunajua, ningekuwa nyumbani nimelala. Wewe ukinijazia askari hewa, kuna mtu mwingine huko mbele, ana kibofu kama cha mzee wako, atapewa jibu la uongo na hatajua limetoka wapi."

Nililia. Hakunizuia. Aliniondoa kwenye namba thelathini na moja, atahesabu yeye. Vingine vyote nilivyokwisha kuhesabu nirudie, maana mkono ukishazoea kuhurumia haujui kuacha. Nilistahili zaidi ya hapo.

Nilipotoka Nukta alikuwa anafuta hadubini yake. "Umesema?" Nikaitikia kwa kichwa. "Nilijua tangu ile hesabu ya kwanza. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mimi si mtu wa kupeleka maneno." Akanivutia kiti.

Jumatano, 8 Mei

Vioo sita vya marudio. Kushoto na juu, ndiyo. Kulia na chini, hapana.

Jumanne, 14 Mei

Vitano. Mvua kubwa, umeme ulikatika mara mbili. Gizani seli zinaendelea kuelea machoni hata ukifumba.

Jumapili, 19 Mei

Baba ameniuliza leo, tukiwa barazani tunaangalia maji yanavyopita: "Wewe kule maabara mnafanya nini hasa?" Miaka mitatu hakuwahi kuuliza. Nikamweleza, nta, kisu, rangi, askari wa kahawia. Alisikiliza kwa makini kama fundi anavyomsikiliza fundi.

"Kwa hiyo wewe umeniona ndani."

Sikuwa na pa kukimbilia. "Nimekuona, Baba."

Akatazama maji. Nikasema basi, leo ndiyo mwisho wa heshima, kesho atahamia kwa dada yake. Akakohoa. "Nilikuwa nadhifu?"

"Nadhifu kabisa, Baba. Ila nilikukata na kisu kibovu."

Mzee akacheka, mbavu hana. Na mimi, kwa sababu alicheka, nikamwambia na lile lingine, kwamba nilimwongezea askari. Akauliza wangapi. Nikasema kama themanini, juu ya mia na hamsini wake. "Ungenijazia tu iwe mia," akasema, kisha kicheko kikamwisha, akaniwekea mkono kichwani. Mkono mzito, una harufu ya sabuni. "Unaniogopea namna hiyo?"

Nikasema namwogopea namna hiyo. Nilikuwa namwona mzee mwenye majivuno, anayekaa na siri zake kama chumba kilichofungwa. Kumbe alikuwa anangoja mtu abishe hodi tu, na mimi ndiye niliyekuwa napita kwa kunyata.

Ijumaa, 31 Mei

Hesabu za vioo vyote sitini zimefungwa. Sasa tunangoja watu warudi. Mvua inapungua, inakuja alasiri tu, inakaa kidogo, inaondoka.

Jumanne, 11 Juni

Miezi mitatu imetimia. Wameingiza kamera kibofuni. Baba anasema wameona kiraka chekundu na kuchukua kipande. Inaweza kuwa kidonda cha dawa tu, mara nyingi huwa. Inaweza kuwa ndiyo yenyewe. Jibu wiki ijayo.

Jumatano, 12 Juni

Kabla sijavua koti nilikwenda kwa Daktari: leo kitakuja kipande cha baba mkwe, sitaki kukigusa. Akasema asante. Nukta alipokuwa anakikata nilikaa stoo napanga chupa kwa ukubwa, halafu nikazipanga kwa rangi.

Jumamosi, 15 Juni

Sijalala vizuri hata siku moja wiki hii. Nafunga macho naona waridi.

Jumanne, 18 Juni

Safi! Amerudi kutoka kliniki saa saba, akasimama mlangoni na mwavuli uliokunjwa, akasema, "Safi. Hamna kitu. Ni dawa tu iliyochubua." Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nimelia, nimecheka, nimepika chakula cha watu kumi. Saa mbili usiku macho yalikuwa yanajifunga yenyewe. Nakwenda kulala, na leo nitalala.

Jumatano, 19 Juni

Nililala kama gogo. Nikafika kazini nikitaka kumkumbatia Nukta. Akasema, "Umeamkaje, mama?" Kwa upole. Nukta, ambaye hajawahi kunisalimia bila utani tangu siku ya kwanza nilipokanyaga mlango ule. Nilimtania mimi, kuhusu koti lake. Akatabasamu tu. Mchana akaninunulia chai bila kuombwa, akaiweka mezani, akaondoka.

Saa tisa nilikuwa nimeshaelewa, na wakati huo huo nilikuwa naelewa kwamba sijui kitu. Vioo vya wiki iliyopita viko kwenye droo ya pili, haina kufuli. Chumba kilikuwa kitupu. Nilisimama mbele ya droo ile sijui dakika ngapi, mwanga wa mvua iliyokwisha unaingia dirishani, vumbi linaelea polepole, hakuna sauti. Ingenichukua nusu dakika. Najua kusoma kioo kuliko kusoma uso wa mtu. Na ndiyo kasoro yangu yote hiyo, nimeiona leo. Sikufungua.

Nilimkuta Baba jikoni anamenya chungwa.

"Baba, nitazame. Kibofu kinasemaje?"

Hakuinua macho. "Umeangalia huko kazini?"

"Sikuangalia. Nakuuliza wewe."

Akaweka kisu chini, akafuta vidole kimoja kimoja. "Uvimbe umerudi," akasema. "Mdogo, kama punje ya dengu. Wataukwangua tena mwezi ujao, na dawa tena. Na ukirudi baada ya hapo, watakitoa kibofu chenyewe."

Nikavuta kiti, nikakaa. Kisha hasira ikanipanda. "Jana ulisema safi!"

"Jana ulikuwa na siku saba hujalala. Nikasema ulale hata mara moja."

"Nililala!"

"Najua. Nilikusikia unakoroma."

Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Alinisogezea nusu ya chungwa na tukala hivyo hivyo, mimi kamasi zinanitoka. Nilimwambia nampenda. Sijui kama mkwe anaruhusiwa kusema hivyo. Nimeshasema. Yeye akasema anaogopa, kwa neno hilo hilo, anaogopa sana, hasa kuikosa njia ya kawaida ya kwenda haja kama mwanamume mwingine yeyote. Hakuna aliyeangalia pembeni.

Halafu akaniomba simu, akampigia mwanawe mwenyewe. Nilitoka nje niwaachie nafasi. Niliporudi alikuwa amekaa na simu mapajani. Akaniuliza, "Hao mia na hamsini wangu, walikuwa wanafanya nini muda wote ule?"

"Sijui, Baba. Daktari naye hajui bado."

"Mtajuaje?"

"Tukimaliza watu wote sitini. Waliorudiwa upande huu, ambao hawajarudiwa upande ule, halafu tunaangalia nani alikuwa na askari gani."

Akafikiri kidogo. "Basi niandikeni upande wangu," akasema, "na mwandiko uwe mzuri."

Alhamisi, 20 Juni

Mimi siruhusiwi kugusa mstari ule, kwa hiyo aliyeandika ni Nukta. Thelathini na moja: umerudi. Aliandika taratibu kwa herufi kubwa, na mimi nilisimama nyuma yake mpaka wino ulipokauka.